Sifuri Nukta Sifuri Moja

Mamasaly ameleta majani ya mitufaha-mwitu,
mia na themanini, kila moja ndani ya bahasha ya chai,
na juu ya bahasha, kwa penseli iliyotafunwa:
Ters-Bulak. Ak-Jar. Kara-Chunkur.
Mabonde matatu. Ameacha matope sakafuni, ameondoka
kabla basi la Oshi halijajaa.

Nami hapa Bishkek, kando ya hita inayokohoa,
sijawahi kukanyaga hata moja la mabonde hayo.
Nayajua kwa tarakimu.

Kwanza niliyamwaga yote kwenye chungu kimoja,
nikahesabu kana kwamba ni msitu mmoja.
Machotara wakapungua.
Wale waliorithi hiki kwa mama na kile kwa baba
walipaswa kuwa sabini; nikapata sitini na mmoja.
Nani kawala?
Hakuna aliyewala. Ni ukuta
ambao hesabu yangu iliuruka bila kuuona:
ukiwajumlisha wasiooana
utadai watoto ambao hawakuzaliwa.

Nikarudisha kila bonde kwake. Machotara wakatimia.

Kisha swali la pili, lile la usiku:
je, haya majina ya mabonde yana maana yoyote,
au ni penseli tu?
Njia ya kulijibu ni ya kitoto. Unayabandua majina,
unayachanganya kama karata,
unayabandika upya popote yatakapoangukia,
unapima. Tena. Mara elfu tisa mia tisa tisini na tisa,
kompyuta ikinguruma, mimi nikimenya yai.
Ikiwa nasibu yaweza kuzua tofauti kama uliyoiona,
basi huna habari, nenda kalale.

Kara-Chunkur haikuyumba. Sifuri nukta moja tisa
dhidi ya kila jirani; nasibu haikuifikia hata mara moja.
Lakini Ters-Bulak na Ak-Jar,
yaliyotengwa na mgongo wa mlima wenye theluji hadi Juni:
sifuri nukta sifuri moja.
Kama shilingi kwa ya pili.

Nikampigia Mamasaly. Nilisema kwa adabu, nadhani:
huenda ulichoka, huenda ulichuma yote upande mmoja
ukaandika majina kando ya moto?
Kimya. Nikasikia mbwa, nikasikia ndoo.
"Aizirek," akasema, "wewe umewahi kumwona farasi
mwezi wa tisa?"

Wanashuka malishoni, wanaokota matufaha yaliyoanguka,
wanavushwa mlima kwenda mnadani, harusini, matangani,
na kila wanaponyanyua mkia
wanapanda shamba.
Milima haikutani, sawa.
Hakuna aliyesema lolote kuhusu matumbo.

Nilitaka kuandika kwamba Kara-Chunkur imetengwa na seng'enge,
ule uzio wa mpaka uliomgeuza dada yangu
kuwa picha ndani ya simu.
Ingekuwa sentensi nzuri. Nikaifuta.
Uzio una miaka ishirini na miwili; mitufaha
haijamaliza hata kizazi kimoja.
Namba hii ni kongwe kuliko waya,
inasimulia korongo, mafuriko, mbegu chache za mwanzo
na bahati zao. Deni la waya
atalisoma mtu ambaye bado hana jina,
kwenye majani ya miti ambayo bado ni mbegu.

Mamasaly hakuwa amekata simu. Akauliza kama achume tena.
Sikumwomba radhi. Nilimtumia nauli, na zaidi kidogo.
Thelathini, nikasema, ng'ambo ya waya.
"Walinzi wananijua," akasema. "Wanamjua farasi."
Nikamwambia safari hii aandike namba ya mti tu,
asiandike bonde.
Nataka kuona kama miti yenyewe
itajigawa.